Makofi ya Kuingilia

Kwa miaka zaidi ya ishirini Lowell Haskett alikuwa jaji, na hakuwahi kusoma sheria hata siku moja. Kila mchana akina mama waliokuwa wakipiga pasi huku wakisubiri watoto watoke shule walimwona kwenye runinga akigonga nyundo, akinyanyua unyusi mmoja, na kusema kwamba mahakama yake haitavumilia upuuzi. Unyusi ule ndio uliomnunulia nyumba. Kabla ya hapo alikuwa mwigizaji wa jukwaani, tena mzuri, ukiwauliza waliomwona. Shida ni kwamba wengi wa waliomwona wameshazikwa, kwa hiyo habari hizo ilibidi tuzipate kwake mwenyewe, na yeye hakungoja kuulizwa.

Hatimaye waandishi wa ule mchezo wa runinga walimchoka Jaji, wakamuua kwa bakuli la supu lililotiwa sumu na mke wake wa tatu. Lowell alilia siku ile kama amefiwa, na kwa kweli alikuwa amefiwa. Baada ya hapo alionekana kwenye matangazo tu: dawa ya kuchua magoti, kifaa cha kusaidia masikio, kiti cha umeme kinachompandisha mzee ngazi huku akitabasamu. Alitabasamu vizuri mno. Watu walinunua viti.

Ndipo ukumbi mmoja wa Milwaukee, huku Wisconsin, ukamwita. Tamthilia ilikuwa mpya, na nafasi aliyopewa ilikuwa ya baba, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyeitoroka familia yake zamani. Sasa amerudi siku ya kumzika mkewe. Anaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akiwa na kofia kichwani na theluji mabegani. Binti yake anaosha vyombo, amempa mgongo, na hageuki. Baba anasimama tu. Hajui kama anaruhusiwa kukaa. Mchezo mzima uliegemea pale, kwenye mzee aliyesimama mlangoni na binti asiyegeuka.

Mabwana wawili wangekuja kutoka New York siku ya Ijumaa kuutazama. Wakiupenda, wangeuchukua pamoja na watu wake. Lowell aliitaka New York mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Alikuwa ameondoka kule akiwa bado na nywele, akaenda California kwenye ujaji, na hakuna jukwaa la New York lililomwita tena. Hakutaka kufa akiwa mtu wa viti vya ngazi.

Sasa, kazi hii ina desturi yake. Mtu anayejulikana akitokeza jukwaani mara ya kwanza, ukumbi humpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Wenzake huganda, sahani mkononi, mpaka makofi yaishe, halafu mchezo huendelea. Ukiwauliza waigizaji watakwambia desturi hiyo inaudhi, inavuruga kazi, afadhali ife. Waongo hao. Asiyepigiwa makofi ya kuingilia huyasikia ya mwenzake hadi anapolala.

Lowell aliyatengenezea makofi yake nafasi. Kwenye mazoezi aliingia, akasimama, akavua kofia polepole, akaipa taa shavu lake la kushoto, kisha akangoja watu ambao hawakuwepo wamalize kushangilia kwenye viti vitupu. Deirdre Quill, aliyeigiza yule binti, alibaki akisugua sahani ileile. Aliwaambia wenzake kwamba hajawahi kuosha sahani ikatakata vile, hata kwa mama mkwe.

Mwongozaji, Ingrid Tollefson, alikuwa mwanamke mpole, binti wa mchungaji, mwenye subira ya kutisha. Ilipoisha subira alimketisha Lowell kwenye ngazi za jukwaa.

"Lowell, ukisimama vile unawaomba."

"Siwaombi. Nawapa nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kunikaribisha, binti. Hawa watu nimekaa sebuleni kwao miaka yote ile. Leo nimekuja kwao kwa miguu yangu, wewe unataka wasiseme hata karibu?"

Ingrid akamweleza kwamba huyu baba hakuna anayemkaribisha, na kwamba habari yote ni hiyo. Lowell alimsikiliza kwa heshima ya mtu ambaye jibu lake ni lilelile. Jioni ile akampigia simu Verna Pohlmann wa Sheboygan, mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa Jaji. Chama kilikuwa bado hai, ingawa wanachama walikuwa wakipungua kwa sababu za kawaida. Lowell hakumwambia Verna apige makofi. Alimwambia tu kwamba Ijumaa ingependeza sana kuona nyuso za marafiki. Verna alikuwa ameshakodi basi kabla simu haijakatwa.

Jumatano wakafungua milango kwa watazamaji wa kwanza. Walikuja wanafunzi wa chuo waliopunguziwa bei, na wazee wenye tikiti za msimu ambao huja hata kama kuna nini. Lowell akafungua mlango wa jikoni. Akasimama. Akavua kofia polepole, akatoa shavu la kushoto.

Mtu mmoja alikohoa.

Basi. Hakuna kingine. Lowell akangoja, kwa sababu hakuwa amejiandalia kitu kingine cha kufanya, na kadiri alivyongoja ndivyo roho ilivyomruka. Kofia ikaanza kuzunguka vidoleni mwake yenyewe. Aliutazama mgongo wa Deirdre kama mtu anayezama anavyotazama ukingo. Alitaka kuuliza kama amekosea nyumba. Alitaka kutoka kwa mlango aliouingilia. Maneno yake ya kwanza, ya kuuliza kama maji bado yanatoka na kutu, yakamtoka kwa sauti ndogo asiyoijua, na mama mmoja wa safu ya mbele akaziba mdomo kwa kiganja.

Pazia liliposhuka Lowell alikimbilia chumba chake akatapika kwenye sinki. Alikuwa bado anajifuta mdomo Ingrid alipoingia bila kubisha, macho mekundu, akamshika mikono yote miwili.

"Lowell, kimya kile. Umesimama pale kama mtu asiyejua kama hapo bado ni kwake. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Umefanyaje?"

 Lowell akamtazama kwenye kioo.

"Ni kazi ya miaka mingi, mpenzi."

"Niahidi Ijumaa utafanya hivyohivyo. Wale mabwana wakiona nilichokiona mimi leo, tumekwenda New York."

Akaahidi. Angeahidi chochote. Alikuwa ameshasadiki mwenyewe kwamba ile hofu aliitunga kwa ufundi, na kwenye hoteli alijivika kilemba cha ukoka mbele ya kioo, akijaribu kuzungusha kofia kwa vidole. Ndipo alipolikumbuka basi la Sheboygan, na usingizi ukamruka.

Kumpigia mtu simu kumwomba makofi ni aibu. Kumpigia kumwomba asipige, kwa mtu wa aina ya Lowell, ni kama kwenda kujitoa jino mwenyewe. Alizunguka sana. Aliuliza hali ya mguu wa Verna, akauliza theluji, akaulizia mbwa aliyekwisha kufa. Mwishowe akafika penyewe.

"Tusipige makofi? Jaji, tumechapisha fulana. Zina uso wako."

"Nashukuru sana, Verna. Fulana vaeni. Ila nikiingia, kimya."

"Nikwambie ukweli? Mimi tamthilia hizi zinanipa usingizi. Makofi ndiyo tunayojia. Sasa tukae tu kama tuko msibani?"

"Hivyohivyo. Kama msibani."

 Verna akasema haya, amri ya mahakama ni amri. Atawaambia akina mama wakalie mikono yao. Lakini watakuwa wanamtazama, na akibadili nia awape ishara tu, wao wako tayari. Lowell akasema hatabadili nia, na alipokuwa akisema hivyo alimaanisha kila neno.

Ijumaa basi likafika. Akina mama walikuwa wamepitia samaki wao wa kukaanga, kwa kuwa hakuna jambo Wisconsin linaloweza kumnyima mtu samaki wake wa Ijumaa, na safu ya tatu na ya nne zikanukia mafuta na limau. Fulana zilikuwa za bluu. Uso wa Lowell ulitanda juu ya vifua vile vyote, mpana kwa baadhi, mwembamba kwa wengine. Mabwana wa New York walikaa nyuma yao. Mmoja alikuwa kijana asiye na soksi katikati ya baridi kali. Wa pili, mwenye mvi, alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kuona michezo yote duniani na kuuchukia karibu kila mmoja.

Lowell akafungua mlango.

Kimya. Kimya kilishuka vizuri kuliko cha Jumatano, kwa sababu nusu ya ukumbi ilikuwa imezuia pumzi kwa ajili yake. Kofia ikazunguka vidoleni. Deirdre akaosha, hakugeuka. Kule ukutani nyuma Ingrid alishika mgongo wa kiti mpaka vidole vikamwuma. Bwana mwenye mvi akainama mbele, kiwiko juu ya goti, mdomo wazi kidogo. Kile cha Jumatano kilikuwa kinatokea tena. Kilikuwa mkononi mwa Lowell, kizima, na hakuhitaji kufanya lolote ila kusimama.

Naye alimwona yule bwana akiinama mbele. Na badala ya kuona mtu aliyenaswa, Lowell aliona mtu anayejiuliza huyu mzee ni nani. Watarudi New York, akawaza, waseme Lowell Haskett aliingia jukwaani na hakuna hata mtu mmoja aliyemtambua. Mimi. Wakati safu mbili nzima zimevaa uso wangu.

Macho yakamponyoka yakaenda safu ya tatu. Verna alikuwa amekalia mikono yake kama alivyoahidi, midomo ameibana, macho yamejaa machozi ya kujizuia.

Lowell akanyanyua unyusi mmoja.

Ulikuwa unyusi tu, kidogo sana, na baadaye aliapa kwamba misuli ilicheza yenyewe. Akina mama wa Sheboygan walilipuka. Wakasimama wote, wakapiga makofi, wakaita Jaji, Jaji, mmoja akapiga mluzi kwa vidole kama mchunga ng'ombe. Watu wengine ukumbini, wenye adabu zao za huku kwetu, waliona ni utovu wa heshima kukaa wenzao wakisimama, wakasimama na wao. Deirdre akasugua sahani. Alisugua mpaka ikamteleza. Na Lowell, mgeni asiye na uhakika kama ni kwake, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu aliojizoeza miaka mingi.

Kitumbua kiliingia mchanga hapo, na hakikutoka tena. Aliketi mezani kama yuko kitini mahakamani. Alipouliza kama maji bado yanatoka na kutu, ilisikika kama bomba linahukumiwa kifungo. Bwana mwenye mvi aliegemea nyuma, akaanza kusoma majina ya wadhamini kwenye kijitabu cha onyesho.

Baadaye alimpa Lowell mkono, akamwambia kwamba marehemu mama yake hakuwahi kumkosa Jaji hata mchana mmoja. Lowell alifurahi. Aliwaambia akina mama wa fulana kwamba mambo yamekaa sawa, na akawasainia wote, kila mmoja kwenye fulana yake, juu ya paji la uso wa Lowell mwenyewe.

Jumatatu Ingrid akamwita kwenye ngazi zilezile. Mchezo unakwenda New York. Deirdre anakwenda. Baba atachezwa na mtu mwingine, mwigizaji wa Cleveland.

"Nani huyo?"

"Humjui."

"Hakuna anayemjua," Lowell akasema.

"Ndiyo."

Lowell aliweka mikono magotini. Kwa mara ya kwanza hakuwa akimwonyesha mtu yeyote shavu lolote, na Ingrid alimwonea huruma kiasi cha kukasirika. Akamwuliza kwa nini aliyaita yale makofi, wakati New York alikuwa nayo mkononi. Lowell akajibu, kwa sauti ya chini, kwamba wale watu wangedhani hajulikani. Ingrid alitaka kumwambia kwamba huyo baba hata binti yake hamjui. Lakini alikuwa ameshalisema mwezi mzima, na mzee alikuwa na onyesho kesho.

Kesho yake theluji iliwafungia watu wengi majumbani, ukumbi ukawa nusu. Lowell alifungua mlango wa jikoni na hakuna aliyepiga makofi, naye hakuwa anangoja. Alisahau hata kuvua kofia. Alisimama tu, mabega yameshuka, akiitazama ile meza kama mtu aliyefika baada ya kila kitu kugawanywa. Deirdre hakumwona, alikuwa amempa mgongo, lakini mikono yake ilisita ndani ya maji bila yeye kuiambia isite. Hata kikohozi hakikusikika. Alipouliza kuhusu maji na kutu, mahali fulani gizani mwanamume alilia kwa sauti, akajizuia, akashindwa.

Ingrid alisimama ukutani nyuma. Aliona kwamba kitu hiki kilikuwa kikubwa kuliko cha Jumatano, na kwamba hakuna mtu wa New York atakayekiona maishani mwake. Akamtukana Lowell chinichini kwa kila neno ambalo babake mchungaji alimkataza, huku machozi yakimchuruzika, mpaka mwonyesha viti akamletea karatasi ya kujifutia.

Pazia liliposhuka alikwenda chumbani kwa Lowell moja kwa moja. Alitaka amwambie alichokifanya, amwambie safari hii ajue. Lowell alikuwa mbele ya kioo akijifuta poda shingoni, na aliongea kabla Ingrid hajafungua mdomo.

"Umewaona watu wa leo walivyo wazito? Nimeingia, hata kofi moja."

Ingrid alibaki ameshika kitasa. Kisha akamwambia usiku mwema, akafunga mlango taratibu, akaenda kufunga mizigo. Alikuwa na ndege asubuhi, ya kwenda New York kumfundisha yule mtu wa Cleveland kusimama mlangoni kama Lowell Haskett.