Damu Haina Mkwe

"Kichwa tu, na uchovu," Mama Kashindye alimwambia daktari, macho kayaelekeza ukutani. Hatua tatu nyuma alisimama Ngosha, mkwewe, aliyemleta kituo cha afya kutoka Bujora kwa kuwa binti mwenyewe alijifungua juzi. Mama wa Kisukuma hamtazami mkwewe usoni, sembuse kulitaja tumbo mbele yake.

Malaria haikuonekana. Daktari Deodatus akaandika dawa za maumivu na kuagiza kipimo cha damu, basi tu asije akalaumiwa.

Maabarani, Prudencia, mpimaji wa damu, alinung'unika. Mashine ilikuwa mbovu, kwa hiyo seli nyeupe mia zilipaswa kuhesabiwa kwa jicho kwenye hadubini. Neutrofili, zile zinazokimbilia kwanza palipo na uvimbe, zilijaa kila alikotazama. Limfosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, alizitafuta kama sindano iliyoanguka mchangani. Kwa mtu mzima, neutrofili mbili au tatu huwa na limfosaiti moja. Hapa zilikuwa tisini kwa tano. Kumi na nane kwa moja! Mtu ameketi pale nje katulia, kumbe ndani yake kunawaka.

Akahesabu slaidi ya pili. Hali ni ileile.

"Daktari, huyu mama asiondoke."

"Analalamika kichwa tu, Prudencia."

"Analalamika mbele ya mkwe. Mtoe mkwe kwanza."

Ngosha akatumwa maji ya kunywa. Mama Kashindye akalala kitandani, na daktari alipomgusa tumbo upande wa kulia, yowe alilolibana siku tatu likatoka. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali mjini, akafanyiwa upasuaji jioni hiyohiyo. Huko walisema angechelewa, asingeiona asubuhi.

Siku ya kumi alirudi kutolewa nyuzi, na Prudencia akahesabu tena: sitini kwa thelathini. Alibaki ameinamia hadubini, machozi yakimlenga. Tone lisilotosha hata kulowesha kidole lilikuwa limesema yote ambayo mdomo ulikataa.

Akatoka na majibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndiwe uliyesoma damu yangu. Ilikwambia nini?"

"Kwamba unaumwa sana."

Mama akatupa jicho mlangoni, ambako Ngosha alisimama akiwapa kisogo, akashusha sauti.

"Mimi sikuituma," alisema. "Lakini ilijua nataka kumwona mjukuu."