Kizimba Namba Sifuri

Ma Yuster alipata kizimba namba sifuri, na soko zima likacheka. Hata mimi nilicheka. Huku kwetu mtoto akifeli kidato cha nne tunasema kapata ziro, sasa mama mtu mzima, muuza sangara, anaitwa mbele ya watu kupokea ziro yake! Jamali wa dagaa akapaza sauti, "Ma Yuster, rudia mtihani!" Yuster mwenyewe alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akatazama vizimba vipya, vilivyopakwa namba kwa rangi nyekundu kuanzia moja hadi thelathini. Sifuri haikuwepo. Akaacha kucheka.

Soko letu la samaki liko jirani na mwalo wa mitumbwi, upande wa Kemondo. Miaka yote tuliuza chini, juu ya maturubai, jua letu na mvua yetu. Vizimba vilipojengwa kila mtu alikitaka namba thelathini, kilichopo getini, maana mitumbwi ya kisiwa cha Bumbire inashusha pale na magari ya Bukoba yanasimama palepale. Namba moja hakuna aliyeitaka. Iko ndani kabisa, ukuta mmoja na choo. Mteja akifika huko, ujue ameshindwana bei na wenzako wote.

Kura za karatasi tulizikataa. Mara ya mwisho, tulipogawana zamu za banda la barafu, kuna mtu alizilaza karatasi nzuri kwenye barafu kabla hazijaingia kwenye kofia. Ndugu zake wakawa wanapapasa humo wakitafuta yenye baridi. Sisi tusiojua tulichota zilizobaki, tukashukuru Mungu kwa zamu za ovyo. Kwa hiyo safari hii tulisema kompyuta ndiyo ipige kura, na mtu wetu wa kompyuta ni mmoja tu, Audax, aliyesomea mambo hayo Bukoba mjini. Audax ni mtoto wa pekee wa Yuster.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema Revocatus siku hiyohiyo. Revocatus anauza sato, na maneno yake yana miba kuliko samaki wake.

Mwenyekiti wetu, Ta Mwijage, alimjibu kwamba kompyuta haina mama. Tukacheka, tukakubali.

Basi siku ya kura Audax aliiweka kompyuta juu ya meza, akatuonyesha. Majina yetu upande huu, namba upande ule, mashine inazichanganya kama karata na kumpa kila mtu yake. Akabonyeza mbele ya macho yetu. Mimi nikapata moja. Gaudiosa mimi, ninayeamka kabla ya jogoo, chooni! Revocatus akapata ishirini na tisa, akajishika kiuno kwa kuikosa thelathini kwa kidogo. Yuster akapata hiyo sifuri.

Audax aliinamia kompyuta mpaka nikadhani anataka kuingia ndani. Aliponyanyuka alikuwa ametota jasho.

"Nimekosea mimi, waitu," alisema. "Sikuiambia ianzie wapi. Ukiiambia tu ikupe namba thelathini, yenyewe huanzia sifuri na kuishia ishirini na tisa. Nilihesabu nikaona namba zimetimia thelathini, nanyi mko thelathini, nikaridhika."

"Mashine gani inaanzia sifuri?" nilimfokea, maana bado nilikuwa na hasira ya choo. "Mimi nikihesabu samaki naanza na samaki. Sianzi na hewa!"

Ni Jamali aliyeona mapema kuliko sisi. "Sasa thelathini kapata nani?" aliuliza. Tukatazamana. Hakuna. "Basi, shida iko wapi? Yuster hana kizimba, kizimba hakina mtu. Mpeni, twende tukauze."

Nilimtazama Yuster wakati huo. Goti lake la kulia limeharibika kwa kuchuchumaa kwenye turubai. Aliuza samaki akiwa na Audax mgongoni, akauza huku Audax akiwa shule, akauza huku Audax akiwa chuo. Alikuwa amelishika geti kwa macho, na midomo yake inacheza kama mtu anayesali. Nami nikamwombea.

"Haiwezekani!" Revocatus akaruka. "Mwana anapiga kura, mama anapata geti, halafu tunaambiwa mashine imekosea? Mnatuona watoto?"

Wengine wakasema kura irudiwe. Waliopata pazuri wakaapa hairudiwi. Kelele zikawa nyingi mpaka wapakiaji kule mwaloni wakaja kutazama nani anapigwa. Ta Mwijage akanyoosha mkono.

"Kijana, nakuuliza kitu kimoja. Hiyo sifuri, katika mashine yako, iko mwanzoni au mwishoni?"

Audax alimtazama mama yake, naye mama yake akamtazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kinachoendelea ndani ya ile kompyuta. Angesema mwishoni, geti lingekuwa la mama yake, nasi tungefanya nini? Tungenung'unika wiki moja, basi.

"Mwanzoni," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwenye sifuri ndiye wa kwanza. Mwenye moja ni wa pili. Wote mnasogea kizimba kimoja kuelekea getini."

Kumbe kila mtu anasogea! Kila mtu anakaribia wateja hatua moja, na jirani yake ni yuleyule. Sijawahi kuliona soko letu likikubaliana upesi namna ile. Makofi yalilia, vigelegele vikapanda, na Revocatus, ambaye sasa alikuwa na geti, alimkumbatia Audax na kumwita msomi wa kweli. Nami nilipiga makofi, kwa nini niseme uongo? Nilikuwa nimetoka chooni. Nilipogeuka nikamwona Yuster amekaa juu ya ndoo yake iliyofunikwa, peke yake, nikaacha kupiga makofi.

Hakumgombeza mtoto wake mbele yetu. Nyumbani alimpikia ebitoke, ndizi zetu, na maharage, siku baada ya siku, bila hata mkia wa samaki, katika nyumba ya muuza samaki. Audax alikula akamaliza. Yote haya aliniambia Yuster mwenyewe, maana sasa ni jirani yangu, yeye moja, mimi mbili.

Asubuhi moja Audax alikuja kumtundikia pazia la turubai upande wa choo. Alipomaliza, mama yake akamuuliza bila kumtazama:

"Ungesema mwishoni, ungekufa?"

"Nisingekufa, mama. Lakini ungekaa pale getini, na kila anayepita angesema umekaa pa wizi."

"Sasa nimekaa pa mavi."

Audax aliondoka. Yuster akaendelea kuparua magamba kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Niliumia kwa ajili ya wote wawili.

Mwezi uliofuata akaja mtu kutoka Bumbire, Karugendo, kiongozi wa waanika dagaa wa huko. Walikuwa wamejenga vichanja vipya na kila mtu anataka cha upande wenye upepo. Wameshapigana mara mbili. Aliuliza pale getini, akaelekezwa ndani, akatembea soko zima hadi kwetu.

"Natafuta kijana wa kutupigia kura kwa kompyuta," alisema. "Lakini awe mtu asiyependelea ndugu. Yupo kweli mtu wa hivyo?"

Nilimtazama Yuster. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamwona amenyoosha mgongo.

"Mchukueni wangu," alisema. "Mimi ni mama yake, na tazama aliponiweka."