Meka Si Kilo

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025. Mvua nyembamba ilianza kabla ya mapambazuko, na ukungu ulikuwa bado umefunika mabomba ya moshi ya kiwanda.

Mama Gertrude alifika kituo cha afya amembeba mgongoni mjukuu wake Reine, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nyuma yake alikuja Marcelline, mama wa mtoto, na mifuko mitatu ya unga pamoja na meka, bakuli la plastiki ambalo Mama Gertrude hupimia unga wa mahindi anaouza sokoni. Muuguzi Hilaire aliwaagiza walete vyote wanavyompikia mtoto.

Lambert, kaka wa Marcelline, hakubeba kitu. Alikuja kusubiri jibu. Kama Reine amepungua tena, angempeleka siku hiyo hiyo Kakanda, kwa nabii anayewafungisha watoto chakula ili pepo liwatoke.

"Bwana Yesu," Mama Gertrude aliomba moyoni, "hana hata nguvu ya kulia. Usimwache."

Hilaire alimvalisha Reine kaptula ya kupimia, akamtundika kwenye mizani. Mshale ulitetemeka, ukasimama chini ya alama ya mwezi uliopita. Marcelline alikaa sakafuni.

"Njo vile nilisema," Lambert alisema. "Uji analamba yote, na anakonda. Chakula inaenda wapi? Iko na kitu inakula ndani yake."

"Weye kila kitu ni ndoki, ni bulozi!" Marcelline alimjibu. "Hata pikipiki yako ilizimika mu njia, ulisema ni ndoki. Kumbe mafuta iliisha."

Akina mama waliosubiri kwenye benchi walicheka kidogo.

"Mama," Hilaire alisema, "nionyeshe namna unapima."

Mama Gertrude alimimina mahindi kwenye beseni: meka mbili, kila moja na kilima chake juu, kama anavyowapimia wateja anaotaka warudi. Juu ya kilima akaongeza kiganja cha matabishi, ile nyongeza ya bure, kwa sababu ni mjukuu. Soya, meka moja. Unga wa ndakala, wale samaki wadogo wakavu, nusu meka.

"Docta, ulisema kilo mbili, kilo moja, nusu kilo. Si njo hivi?"

"Meka ni kilo, Mama?"

"Meka ni meka. Bantu bote ba soko banajua uzito yake."

"Uzito ya mahindi."

Mama Gertrude aligusa mfuko wa soya. Maisha yake yote aliuza mahindi tu.

Hilaire alimtoa mtoto mizanini, akamkabidhi kwa bibi yake, akaweka meka ya mahindi ndani ya kaptula.

"Aka! Leo unga njo inavaa pampers," mama mmoja alisema.

Mshale ulisimama kwenye kilo mbili na nusu. Meka ya soya haikufika mbili. Meka nzima ya ndakala ilivuka kilo moja kidogo tu.

Mama Gertrude alitazama beseni. Kila kilima alichotia kwa upendo kilikuwa kinawapunguza samaki kwenye uji. Reine alikuwa anashiba mahindi.

"Ni minye," alisema. "Ni mukono yangu, Mungu wangu."

"Ni yangu pia," Hilaire alisema. "Nilikuambia kilo, na hauna mizani. Tutapima upya: ndakala mara mbili, soya zaidi, mahindi bila kilima. Lakini sitakudanganya, Mama. Labda tumechelewa. Jumanne ijayo kama hajapanda uzito, ni hospitali."

"Jumanne tutakuwa tunamuzika," Lambert alisema, akanyoosha mikono. "Leta mutoto."

Mama Gertrude alimkumbatia Reine. Alimgeuzia mwanawe mgongo, lakini sala haikumjia.

Marcelline aliinuka sakafuni, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Bamama, munisikie. Docta, na weye Lambert, usikie. Mbele ya Mungu, minye Marcelline nasema: hakuna muntu atamufungisha huyu mutoto chakula. Ntapima minye mwenyewe, kilima ntaikata na kisu. Na Jumanne kama hajapanda, ntamubeba na miguu yangu mpaka hospitali."