Hakusalimu, Baba Akampa Mtumbwi

Ninyi mnaokaa na wazee hapa mtoni, nisikilizeni, maana mimi nimechoka kusema na mkwe wangu peke yake.

Siku ile nilitoka kwa jirani kutwanga, nikamkuta Mzee Mangi, baba wa mume wangu, amekaa ukingoni. Mtumbwi wetu wa kuvushia watu haupo.

"Baba, mtumbwi uko wapi?"

"Umekwenda na serikali."

"Serikali gani?"

"Ya kaptula ya kaki na kofia ya jua. Anasema kwa ajili ya Hali ya Hatari kila mtumbwi utiwe namba Garsen. Usio na namba utachomwa. Alikuwa na haraka huyo!"

"Ukampa tu? Peke yake, bila chifu, bila askari?"

"Mama Susan, yule hakusalimu! Hata hujambo hakusema. Akaniita 'wewe mzee'. Mtu wa kawaida angethubutu?"

Nikashika kichwa. "Na nani alimpigia pondo kusukuma mtumbwi?"

"Mwenyewe! Alisimama tezini, nyuma kabisa, mtumbwi hautikisiki. Nikasema, kweli serikali imeendelea."

Jamani! Watu wa serikali si tunawavusha? Hukaa katikati wameshika kingo kwa mikono miwili, mtumbwi ukiinama kidogo wanamwita Mungu. Anayesimama tezini akapiga pondo namna ile amezaliwa mtoni kama sisi. Baba amevusha watu tangu ujana wake, jambo hilo aliliona kwa macho yake, na bado akalisifu!

Lakini nafasi ya kugombana sikuwa nayo. Susan na mdogo wake walikuwa ng'ambo, kwenye dungu la miti la kulindia shamba, wakifukuza ndege kwenye mpunga, na jua linashuka. Wakichoka kutungoja watavuka kwa miguu pale kwenye fungu la mchanga, na palepale mamba alichukua ndama wa Abduba mfugaji.

"Susan! Msishuke majini! Rudini dunguni!"

Upepo ukanirudishia maneno yangu. Yule mdogo alikwisha tia miguu majini. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, ndipo Susan akageuka, akamvuta kwa sikio. Wakakaa juu ya dungu wakilia mpaka Changawa, mvuvi, alipopita akirudi kutoka mitegoni, akawaleta.

Baba hakula. "Ningewaua watoto," akasema.

Baadaye Changawa aliukuta mtumbwi umefichwa kwenye matete, mto ukishapita Garsen. Mwenye kofia hakuonekana tena. Labda sasa yuko kwa mzee wa mmoja wenu. Tangu hapo pondo na kafi hulala chini ya kitanda changu.

"Sasa niombe pondo kama mtoto?" Baba akanuna.

"Uombe, Baba."

Juzi akaja tarishi wa chifu, wa kweli, anataka kuvuka. Baba akamwambia, "Pondo liko kwa mke wa mwanangu. Yuko kwenye migomba. Ngoja." Nilipofika niliwakuta wanakula ndizi, wanacheka.

"Hukukasirika kungojeshwa?" nikamwuliza.

"Mama, kazi ya serikali si samaki, haiozi."

Nikampa Baba pondo. Tarishi akaingia mtumbwini polepole, akakaa katikati, akashika kingo kwa mikono miwili.

Baba akanigeukia. "Mama Susan," akasema, "huyu ndiye serikali kweli."