Onyo la Mama Oktavia

Aloyce alikuwa katibu wa kamati ya maafa katika kijiji kimoja cha milimani, mbele kidogo ya kijiji cha Yakobi, na kwa miaka minne hakuna aliyemlaumu kwa lolote. Mafaili yake yalipangwa vizuri: sakitu, ile baridi ya kugandisha, peke yake, moto peke yake, maporomoko ya udongo peke yake.

Mwaka huo sakitu ya Julai iliua nyasi za mlimani, zikakauka kama karatasi. Mwezi wa kumi mtu akasafisha shamba kwa moto, upepo ukauchukua, na mlima wote ukaungua, nyasi na miti ya paina. Watu waliuzima siku ya pili kwa matawi mabichi. Aloyce akaandika taarifa, akafunga faili.

Wiki iliyofuata alifuatwa ofisini na Oktavia, mjane aliyekaa chini kabisa ya mlima ule.

"Kamwene, katibu."

"Kamwene, mama. Kuna shida?"

"Mlima hauna tena kitu cha kuushika. Nyasi zimekufa kwa baridi, mizizi imeungua. Nimeona nyufa kule juu. Mvua ikianza, ule udongo utanijia nyumbani."

"Mama, moto tumeshaumaliza. Maporomoko tunayajadili mwezi wa tatu, mvua zikikolea."

"Kwani mvua inasoma kalenda yako?"

Aloyce akacheka, na watu wawili waliokuwapo wakacheka naye. Oktavia akachukua fimbo yake, akaondoka.

Maneno yale Aloyce alikuwa ameshayasikia. Mwezi wa nane, kwenye semina Makambako, mkufunzi alianza kueleza jinsi janga moja linavyolifungulia jingine mlango. Aloyce alikuwa ametia saini ya mahudhurio. Akatoka kwenda kusimamia viazi vyake vikipakiwa, akarudi wakati wa chakula.

Mvua ilikuja Desemba, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mlima ukashuka juu ya nyumba ya Oktavia. Oktavia alikuwa shambani. Mkwewe Idda, mke wa mwanawe, alikuwa jikoni. Aloyce alichimba pamoja na majirani, kwa majembe, kisha kwa mikono, mpaka wakamtoa Idda akiwa hai, mguu umevunjika sehemu mbili.

Baada ya siku nne afisa wa wilaya aliitisha mkutano.

"Kulikuwa na dalili yoyote mapema?" aliuliza.

"Hapana," akajibu Benno, mwenyekiti wa kijiji. "Janga hili limetushtukiza. Ila katibu wetu alichimba mpaka kucha zikang'oka."

Watu wakapiga makofi. Aloyce akamtafuta Oktavia kwa macho, akamwona nyuma kabisa, ameinama akitazama miguu yake. Neno lake moja lingetosha, naye hakulisema. Alikuwa anamsitiri, kama mama anavyomsitiri mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Aloyce akatamani ardhi immeze.

Akasimama.

"Dalili ilikuwapo," alisema. "Mama Oktavia alikuja kuniambia. Nikamcheka. Na Makambako nilikuwa nafundishwa jambo hilohilo, nikatoka nje."

Hakuna aliyemtukana. Afisa aliandika kwa muda mrefu. Benno akamwambia, bila kumtazama, "Kaa chini, Aloyce."

Mkutano ulipoisha alimsubiri Oktavia mlangoni.

"Mama, nisamehe."

"Kamwambie Idda. Mguu ni wake."

Kesho yake akaenda hospitali. Idda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulicheka kweli?"

"Nilicheka."

Idda akavuta blanketi, akageukia ukutani. Aloyce alikaa pale kwenye kiti hadi wauguzi walipowatoa wageni.

Mwezi wa pili kamati ilipanda mlimani, Oktavia mbele na fimbo yake, akionyesha pa kuchimba mitaro na nyumba tano za kuhamishwa kabla ya masika. Aloyce aliandika kila alichoambiwa, katika daftari moja. Wenzake walizungumza naye kama zamani. Ila kila Oktavia alipogeuka kuuliza, "Umeandika?" yeye alijibu, "Ndiyo, mama," macho yakiwa kwenye karatasi.