Beki Asiyegusa Kombe

Kaka yangu Orest aliingia uani kwa Mama mikono ikiwa mfukoni, akaapa haitoki humo mpaka Kombe liondoke.

"Na chakula utakulaje?" nikamuuliza.

"Utanilisha wewe, Larisa. Si ndiyo kazi ya dada?"

Kombe lilikuwa juu ya meza chini ya turubai, refu kama mtoto wa darasa la pili, linang'aa hadi unakunja uso. Mdogo wetu Danylo alikuwa amelitwaa na timu yake ya hoki majira ya kuchipua, na kila mshindi hupewa siku moja alipeleke anakotaka. Yeye akalileta nyumbani, kwenye mji wetu wa barabara moja katikati ya mashamba ya ngano. Watu walikuja mpaka na mbwa wao.

Sasa, mchezaji wa hoki ya barafuni haligusi Kombe kabla hajalishinda mwenyewe. Akiligusa, basi tena, halipati maishani. Cheka ukipenda. Hapa kwetu hata padre anaamini.

Na Orest alikuwa bado analitaka. Anakaribia arobaini, pua imelala upande wa kushoto, meno ya mbele ameyaacha kwenye barafu za watu. Alikuwa beki wa ile aina ambayo kazi yake ni kujitupa mbele ya kile kisahani kigumu cha mpira kinapokuja kama risasi, ili kimpige yeye kisiingie golini. Hiyo kazi ameifanya tangu ujana kwenye ligi za chini, akilala ndani ya mabasi na barafu kwenye magoti. Ligi kubwa ilimwita mara moja tu. Alikaa benchi, akaingizwa kwa muda usiotosha kuchemsha yai, kesho yake akarudishwa. Kiangazi hicho klabu moja kubwa ikamwalika tena kwenye majaribio ya Septemba, na tangu hapo hakulala vizuri kwa furaha.

Mama hakutaka kusikia. Alikuwa amemwona akishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya magoti.

"Akiligusa tu, ameacha hoki," alituambia jikoni, mimi na Danylo. "Namjua mwanangu. Hatakwenda Septemba."

Basi tukaamua aliguse. Haukuwa ubaya. Haya, ubaya kidogo ulikuwemo, na raha nyingi.

Danylo ndiye aliyeanza. "Kaka, nishikie hapa nifunge kamba ya kiatu."

"Umevaa ndala, mshenzi wewe."

Padre akamwomba amsaidie kulisogeza ili alibariki vizuri. Orest akamtazama kwa huzuni. "Hata wewe, Baba?" Mama akalijaza Kombe perohi, vifuko vya unga vilivyochemshwa na viazi ndani, zinaogelea kwenye siagi na vitunguu, chakula ambacho Orest angeuza shamba kwa ajili yake.

"Jipakulie, mwanangu."

"Mama, una roho mbaya."

"Ninayo. Jipakulie."

Akanifungulia mdomo, nikamlisha kama kifaranga, majirani wakishangilia kila tonge. Hata yule bwana wa glavu nyeupe anayelinda Kombe kila liendako alicheka, kisha shibe ikamzidi, akasinzia kwenye kiti.

Zikaisha perohi, tukaliosha Kombe, na Danylo akataka picha ya mwanangu Zonia akiwa ndani yake. Washindi wote huwapiga watoto picha humo. Nikamkalisha, akaenea vizuri, anapigapiga kingo kwa viganja. Nikageuka kuchukua kofia yake. Danylo akarudi nyuma apate picha nzima, mguu ukanasa kwenye kitambaa cha meza.

Nilichoona ni Kombe linainama na mwanangu ndani. Orest alikuwa mbali kuliko sisi sote, kule kwenye uzio. Sijui alifikaje. Alijitupa juu ya majani mzimamzima, mikono mbele, akateleza kwa ubavu, kisha nikamwona yuko chali, Kombe kifuani kwake, na Zonia ndani yake anamtafuna mjomba wake kidole.

Nilimbeba mwanangu nikamkagua kila mahali. Mzima. Nikatazama tena. Wote walikuwa wanaangalia ile mikono.

Danylo akapiga magoti karibu naye, rangi imemtoka. "Kaka, hii haihesabiki. Ulikuwa unamwokoa mtoto."

"Haihesabiki," Padre akasema haraka.

"Haihesabiki hata kidogo!" Mama akasema, na alikuwa analia, yeye aliyehangaika siku nzima aliguse. "Utakwenda Septemba, mwanangu. Nitakufungia mimi mizigo."

Orest alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya majina ya washindi yaliyochongwa, polepole, moja baada ya jingine.

"Inahesabika," akasema.

"Tupe basi hilo Kombe, uinuke," nikamwambia.

"Hapana, Larisa. Niinueni nalo."

Danylo akamshika kwapa moja, mimi na Mama jingine, tukamwinua nalo. Magoti yake yakalia mpaka aliposimama, na hakuna aliyecheka.