Pini ya Bi Hester

Mvua ya Haddlecombe haina haya. Majira yale ya baridi ilinyesha mpaka bata wa kasisi wakahamia darini, na barabara ya chini, ile ya kwenda kanisani, ikawa mto. Ndipo Amos Pobjoy, fundi wa kuezeka mapaa, alipoona inafaa kufa. Mkewe Hester hakushangaa. Mume wake hakuwahi kuchagua siku nzuri kwa jambo lolote.

Njia kavu ilibaki moja tu, ya kukata malisho ya Bwana Thackwray, na hiyo ndiyo njia Amos aliyoigombania maisha yake yote. Watoto walikuwa wakipita pale kwenda shule tangu enzi za babu zao, hadi Thackwray alipolifunga lango kwa mnyororo. Amos akaukata. Thackwray akaleta mwingine. Watu husema minyororo iliyokatwa ingetosha kufunga ng'ombe wote wa wilaya, na pengine hawakuongeza sana.

Sasa wanaume wanne walikuwa wamefika langoni na jeneza mabegani. Thackwray alisimama upande wa ndani, kofia mkononi, mbwa miguuni.

"Pole sana, Bi Hester. Lakini unajua ilivyo. Ikipita maiti, njia inakuwa ya watu wote milele. Siwezi."

"Ulimwogopa akitembea, na sasa unamwogopa amelala," alisema mzee Jethro, mbebaji wa mbele. "Mwenzio leo hana hata msumeno."

Akaanza kukohoa, jeneza likayumba.

"Nyamaza, Jethro, utamwangusha," alisema Hester.

"Basi nilipe kitu," alisema Thackwray. "Chochote, hata pini. Ukinilipa, ni ruhusa yangu ya leo tu, si haki ya mtu. Hawa wote watakuwa mashahidi."

Hester alielewa vizuri mno. Akitoa pini, Amos angefika kaburini mkavu, na ugomvi wake ungezikwa naye. Watoto wangeendelea kuzunguka kwenye matope. Asipotoa, ilibaki barabara ya chini. Akageuka kuitazama. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipita juu ya ua wa miti, yakivuta matawi.

"Tutapita majini, mama," alisema Ned Quill, mbebaji wa nyuma. "Amos ana mashua yake mwenyewe leo. Shida ni kwamba atakuwa amefika baharini kabla kasisi hajafungua kitabu."

Wakacheka kidogo, wakaacha.

Midomo ya Jethro ilikuwa imepauka, na kikohozi hakikumwacha. Angeingia majini bila kunung'unika, na hicho ndicho kilichomtisha Hester.

"Mkeo yuko nyumbani, Jethro?"

"Yuko. Birika liko jikoni, ananisubiri."

Hester akapeleka mkono kichwani, akachomoa pini ya kofia yake, akaipitisha juu ya lango. Thackwray akaichomeka kwenye nguzo, mahali pa kuonekana. Kisha akafungua. Wabebaji walipita wakitazama majani.

Amos alizikwa mkavu. Kasisi alisoma haraka kwa sababu ya mvua, na Hester hakusikia neno. Alikuwa akingoja Amos apige teke ubao kutoka ndani, amtukane. Hakupiga. Hapo ndipo alipojua kwamba amekufa kweli.

Walipotoka makaburini, Thackwray alikuwa ameliacha lango wazi.

"Pita tu, Bi Hester. Pini ni ya kwenda na kurudi."

Hester alikunja sketi yake nyeusi, akashika barabara ya chini. Baridi ilimuuma miguu, kisha magoti, kisha kiuno.

"Mama, wewe, utachukuliwa na maji!" aliita Jethro.

"Nenda kanywe chai yako."

Akaendelea, mkono mmoja ukishika ua wa miti uliozama. Katikati ya maji alisimama, akasikiliza kama kuna mwingine aliyeingia nyuma yake. Alisikia viatu vyao vikipanda malishoni, kimoja baada ya kingine, na lango likifungwa.